Maalim Asiyedaiwa Siku

Juzi Ijumaa nililisha masikini kumi. Nilipika wali wa nazi na mchuzi wa changu, nikawakalisha barazani kwangu, wakala wakashiba, wakaniombea dua bila kujua wanaombea nini. Ilikuwa kafara ya kiapo. Zamani, nikiwa bado na meno yangu yote, niliapa mara tatu kwamba sitatoa habari ya Maalim, na sasa nimeamua kuitoa. Aliyeniapisha amekufa, na wale aliotaka wasijue wamekufa pia. Nimebaki mimi, na sipendi kuondoka na kitu cha mtu kifuani.

Tulimwita Maalim, ingawa alikuwa mwanamke, na watu wazima nao wakamwita hivyo hivyo, hata waliomzidi umri. Alitufundisha Kurani sisi wasichana wa mtaa mmoja pale Kilwa Kivinje, wakati wa Mwingereza, katika ukumbi wa nyumba yake iliyoelekea jua la asubuhi. Sitasema alizaliwa wapi wala babu zake walikuwa nani. Kilwa kila mtu ana nasaba ndefu kuliko kilemba chake, na ukianza kuwasikiliza chakula hakitapikwa. Nataka kusema alivyokuwa.

Alikuwa mtu wa baridi. Kaskazi ikiwaka, mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, yeye amekaa kwenye kizingiti cha jiwe juani, kajitanda kanga mbili na juu yake blanketi la kijivu. Alikuwa akisema, "Baridi hii ni ya kwao Wazungu. Sijui imepotea njia au imetumwa." Akicheka, alicheka kwa mabega tu, sauti haikutoka. Mikono yake ilikuwa baridi kama mtungi wa maji, na sisi wasichana tulikuwa tukigombania kuishika wakati wa joto, tukijipangusia mashavuni. Hakutukataza. Alisema angalau kuna anayefaidi.

Mikono hiyo ndiyo iliyomletea wageni. Mtoto akichemka homa, mama yake alimleta kwa Maalim amwekee kiganja kwenye paji la uso, na mtoto alitulia. Habari zikaenea. Wakaja akina mama kutoka Masoko, wakavuka maji hata wa Kilwa Kisiwani na vichanga vyao mgongoni, wakapanga foleni ukumbini huku sisi tunasoma. Maalim alikuwa akiweka mkono mmoja juu ya mtoto, na wa pili akiutumia kutuonyesha herufi. Alisema kila mara, "Mpelekeni hospitali pia." Walipokea mkono, hospitali wakaisahau.

Uso wake ulikuwa laini, mweupe wa nta, bila kipele wala unyoya. Watu waliita nuru. "Mwone Maalim, nuru imemkaa," walisema, na kweli ukimtazama kwa mbali ungesema taa imewekwa nyuma ya ngozi. Lakini nyusi zake ziliishia katikati, nusu ya nje haikuwapo. Hapo ndipo nilipompenda zaidi, kwa sababu kila asubuhi, kabla hatujaanza, alichukua kipande cha kioo na kichupa cha wanja, akazimalizia nyusi zake kwa kijiti, taratibu, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Siku moja alinikamata ninamchungulia. Akasema, "Unatazama nini? Aliyesema mcha Mungu awe na sura ya kutisha ni nani?"

Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na maneno yalitoka moja moja. Ukimuuliza jambo ulikuwa na muda wa kufikiri jingine kabla hajajibu. Sisi tulidhani huo ndio uzito wa elimu. Mara nyingine katikati ya somo kidevu kilishuka, akalala ameketi, na chuo kizima kikanyamaza kwa heshima, maana tulikuwa tumeambiwa kwamba Maalim halali kama sisi, hupelekwa mahali. Akizinduka aliuliza, "Mmefika wapi?" na aliyedanganya alimjua papo hapo. Mimi nilidanganya mara mbili, nikala kiboko mara mbili.

Msidhani alikuwa malaika. Kwenye herufi alikuwa mkali. "Herufi haina haraka," alikuwa akisema, "haraka ni yako wewe unayetaka kwenda kucheza." Mmoja wetu, binti wa kabila la Wamachinga aliyetoka shamba, alikuwa akikosea herufi moja wiki nzima, na Maalim akamkalisha nayo wiki nzima ya pili, ile ile moja, mpaka binti akaiota. Bamia hakuzila, na alizichukia hadharani. Kwenye pindo la kanga yake alifunga daima kipande cha sukari guru, na mara kwa mara, mkono ukianza kumtetemeka, alifungua fundo akamega kidogo akatia mdomoni. Tulimcheka kwamba ana jino tamu. Alikubali. "Kila mtu ana aibu yake," alisema, "mimi yangu ni tamu, ninyi zenu zinanuka."

Na kwa watoto katika Ramadhani alikuwa mpole hata wazazi wakamnung'unikia. Msichana akijitia kufunga ilhali macho yamemlegea, Maalim alimwita kando, akamtia kipande cha mkate wa kumimina mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Ni yeye aliyetufundisha mlango ule wa walioruhusiwa kula: mgonjwa, msafiri, mjamzito, mwenye kunyonyesha. Asiyetarajia kupona, alisema, anakula na kulisha masikini mmoja kwa kila siku, na thawabu zake hazipungui. Alitukaririsha mpaka tukaujua kwa moyo. Aliongeza, "Mungu hakumuumba mtu ili amuue kwa njaa."

Sasa nifike kwenye saumu yake, ambayo ndiyo sababu ya watu wa Kivinje kumkumbuka.

Asiyekulia katika nyumba kama zetu nimweleze. Mwanamke akiwa katika siku zake hasali, hafungi, na msahafu haushiki. Sala alizoziacha hazilipi, lakini saumu anailipa baadaye, siku kwa siku. Kwa hiyo Ramadhani ikiisha kila mwanamke mzima anabaki na deni lake, na kwetu halikuwa siri. Kisimani ungesikia, "Mimi nadaiwa sita, na wewe?" "Saba, na uvivu huu nitalipa Rajabu." Mwenye kudaiwa nne alionekana ana bahati. Asiyedaiwa kabisa ni mwenye mimba, anayenyonyesha, au aliyekwisha zeeka, na Maalim hakuwa hata mmoja. Wakati ule hajafika miaka thelathini.

Mimi ndiye niliyegundua. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na zamu yangu ilikuwa kumwagia maji ya udhu. Walimu wengine wa kike, siku fulani za mwezi, walimwachia msahafu mwanafunzi mkubwa na wao wakasikiliza tu. Maalim hakumwachia mtu. Nikaanza kuangalia kwa udadisi wa kitoto, mwezi baada ya mwezi. Kisha nikamwambia mama yangu tulipokuwa tunachagua mchele.

"Mama, Maalim hana zile siku zenu?"

"Funga domo lako."

"Wallahi, mama. Tangu mwezi wa mfungo sita wa mwaka jana mpaka mfungo sita huu mimi ndiye namwagia maji. Hajakosa sala hata moja. Na Ramadhani alifunga yote, hakuacha."

Mama akaweka ungo chini. Akanitazama, kisha akatazama mlango. "Rudia," akasema.

Nilirudia. Jua halijatua, mtaa mzima ukajua. Jambo lile kwa mwanamke mwingine lingeitwa utasa, au wangesema amefungwa na wabaya. Lakini huyu ana nuru usoni, ana mkono unaopoza homa, akilala anapelekwa mahali. Kila alama iliyokuwa imekaa peke yake ikajiunga na mwenzake. Wakasema Mungu amemtakasa, kama wale wanawake wema wanaotajwa kwenye visa. Wakamwita Maalim asiyedaiwa siku. Mimi nilitembea kichwa juu wiki nzima, kwa sababu habari ilikuwa imetoka kwangu.

Mama yangu alikuwa na ya kusema zaidi, akayameza. Yeye alikuwapo siku Maalim alipojifungua, miaka mitatu kabla. Alikuja kunisimulia mimi nikiwa mtu mzima: damu ilitoka ikalowesha mikeka miwili, wakamkatia tamaa, wakamgeuza kibla. Akafufuka. Mtoto alikaa siku tisa akinyonyeshwa na jirani, kwa sababu maziwa ya Maalim hayakutoka hata tone, kisha akafa. Mume alingoja mwaka, akaenda Mtama kufanya biashara, akaoa huko, akatuma talaka kwa barua. Baada ya hapo Maalim akafungua chuo. Mama alijua mambo haya yote na bado aliweka ungo chini akasema Subhanallah. Simlaumu. Nani angeunganisha?

Utukufu ule ulimwelemea. Kila Ramadhani wanawake walikuja kushinda kwake, kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, kusoma na kupata baraka za saumu yake. Nyumba haikuwa na pembe tupu. Wiki ya kwanza alistahimili. Ya pili alianza kutembea kwa kushika ukuta. Ya tatu alikuwa haongei, kanga ina fundo lakini haina sukari, midomo imekauka, jasho la baridi linamtoka kwenye nyusi, wanja unachuruzika. Wanawake walilia kwa kumwona. Walisema, ibada si mchezo. Idd ikifika alilala siku nne, nasi tukamletea vyakula. Mwaka baada ya mwaka mambo yalikuwa hayo, na sisi tulikuwa tumekaa pale pale tukitazama.

Mimi niliolewa Lindi, nikaachika, nikapata kazi ya kuhudumu hospitali, wodi ya wazazi. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha miaka kadhaa. Daktari wetu alikuwa Mzungu mzee, Kiswahili chake cha kupapasa lakini anapenda kufundisha. Siku moja akatuita wahudumu wote kwenye kitanda cha mama mmoja aliyetoka upande wa Mtama. Nilisimama na sinia ya vifaa mkononi. Yule mama alikuwa amejifunika blanketi katika joto la Lindi. Uso wa nta. Nyusi zimeishia katikati.

Daktari akamuuliza, "Ulipozaa, damu nyingi?"

"Nyingi, bwana. Nilikufa."

"Maziwa yalitoka?"

"Hata tone."

"Na siku za mwezi?"

Yule mama akatazama ukuta. "Tangu hapo sijaziona."

Niliweka sinia sakafuni, maana ingeanguka.

Daktari akajigusa katikati ya macho. Akasema nyuma ya hapa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Leo wenye elimu wanaiita pituitari, na maji yake yanaitwa homoni. Sisi alitupa mfano wa shamba la mkonge. Alisema tezi hii ni mnyapara. Yeye mwenyewe hakati mkonge, lakini ndiye anayegonga kengele alfajiri. Anamwamsha wa maziwa, anamwamsha wa damu ya mwezi, wa joto la mwili, na wa nguvu ya kupigana na homa na njaa. Mwanamke akiwa na mimba tezi hii huvimba na kutaka damu nyingi. Akija kumwaga damu siku ya kuzaa, yenyewe ndiyo inayokosa, inakufa. Vibarua wote wapo, wazima, lakini wamelala, hakuna wa kuwaamsha. Ndiyo maana ana baridi. Ndiyo maana analala ovyo, sauti imekuwa nzito, nywele zimemtoka, uso umekuwa mweupe.

Niliuliza, na sauti yangu ilinishangaza, "Mtu wa namna hii akifunga Ramadhani?"

Alinitazama. "Njaa ndefu ni mbaya. Homa ni mbaya. Vyote pamoja, atalala asiamke. Wengine hukaa miaka ishirini hivi, halafu siku moja tu."

"Dawa?"

"Ipo, mpya, vidonge. Iko ng'ambo. Nimeandika barua." Nilimuuliza lini itakuja, akanyanyua mabega. Akasema mpaka ije, asikae na njaa, sukari iwe karibu, na homa ikianza aletwe siku ile ile.

Nilipanda lori la Kilwa mwezi wa Shaaban. Maalim alikuwa juani, kwenye kizingiti chake, blanketi lile lile limepauka.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Umenenepa. Lindi wanakulisha bamia?"

Nilimwomba tuingie ndani, tukafunga mlango, nikamwambia yote, tangu damu na mikeka miwili mpaka mnyapara na kengele. Alisikiliza bila kulala, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kama punje ya kunde?" akauliza.

"Ndiyo, Maalim."

"Na ikifa, mwenyewe hajui?"

"Hajui."

Akajifunika blanketi vizuri. "Mimi nilijua si utakatifu," akasema. "Siku zote nilijua. Mtu mtakatifu hapendi sukari namna hii. Lakini nilidhani ni laana, kwamba nilimkosea Mungu nikamuua mtoto kwa kukosa maziwa, naye akanifunga. Wenzako wakaja wakaniambia ni utakatifu. Ungekuwa wewe, kati ya hayo mawili ungechukua lipi?"

Nikakiri kwake kwamba mimi ndiye niliyemwambia mama, wakati ule wa kumwagia maji ya udhu, na nikaanza kulia.

"Najua. Mama yako alikuja jioni ile ile akanibusu mkono. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, na nilinyamaza."

Nikamwambia basi asifunge. Yeye ndiye aliyetufundisha mlango wa mgonjwa asiyetarajia kupona. Mimi nitalisha masikini thelathini kwa niaba yake, kwa mshahara wangu.

"Nilifundisha vizuri, ee?" akasema, mabega yakatikisika. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Nikila wataniuliza, una siku au una ugonjwa? Nikisema nina siku, nimesema uongo ndani ya Ramadhani. Nikisema ugonjwa, watauliza tangu lini. Nitajibu nini? Wale waliovuka maji na watoto wao, nikawawekea mkono, nitawaambia mkono ule ulikuwa nini?"

"Wapo waliopona, Maalim."

"Na wapo waliokufa, kwa sababu walikuja kwangu hawakwenda hospitali."

Hapo nikaona kwamba hili alikuwa ameliwaza miaka mingi, na kwamba mimi na kunde yangu tumechelewa. Nilimpa kipande kikubwa cha sukari guru nilichokinunua Lindi, kimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Nikamwambia, hata kwa siri, kidogo tu, mkono ukitetemeka. Alikifunga kwenye pindo la kanga. "Nitajitahidi," akasema. Kisha akaninyooshea mkono ule wa baridi. "Niapie hutamwambia mtu." Niliapa mara tatu. Nilikuwa na nia ya kumtuliza tu. Nilidhani muda upo.

Ramadhani ilipofika siku ya kumi na moja nikapata ruhusa kazini. Lori lilikwama Kiranjeranje kwenye tope, tukashinda pale siku nzima. Nilifika Kivinje kesho yake baada ya alasiri.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wanasoma, wengine wanapepea. Maalim ameegemezwa ukutani. Wakaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana homa siku ya tatu, ametapika asubuhi, lakini saumu hajaiachia, mashallah. Nilimshika mkono. Siku ile ulikuwa wa moto na unateleza jasho, na mshipa chini ya kidole changu ulikuwa unapotea na kurudi. Nilikwenda jikoni nikakoroga maji ya sukari na chumvi kwenye bakuli, nikaja nayo.

Mama mkosha, yule aliyekuwa akiwaosha maiti wanawake wa mtaa wetu, alininyooshea mkono kunizuia. "Unampa nani hiyo?"

"Maalim. Ni mgonjwa."

"Tunaona ni mgonjwa. Imebaki saa moja na nusu."

"Hatafika, mama. Daktari wa Lindi amekataza watu kama yeye kufunga."

"Daktari huyo anafunga yeye?" akauliza. Wengine wakaguna. "Watu kama yeye! Wapo wangapi kama yeye? Miaka ishirini na zaidi hajadaiwa hata siku moja, wewe mtoto wa juzi uje umdaishe leo?"

Jibu nililijua. Lilikuwa fupi. Hadaiwi kwa sababu ni mgonjwa, na ni mgonjwa tangu siku ile ya mikeka miwili. Wangenyamaza. Mama yangu alikuwamo ukumbini, angeshuhudia, angeunganisha. Nilifungua mdomo, nikamtazama Maalim. Alikuwa amefumbua macho. Akatikisa kichwa, kidogo sana, mimi peke yangu nikaona. Wanja ulikuwa umemshuka mpaka shavuni.

Nilinyamaza. Nilikaa na bakuli mapajani saa moja na nusu. Nikiwa na miaka kumi na mbili nilisema bila kuulizwa, na siku niliyotakiwa kusema nikashika kiapo. Nimejitetea sana tangu siku ile, kwamba yeye mwenyewe alikataa, kwamba labda ingekuwa kuchelewa tu. Sijawahi kuamini utetezi wangu.

Azana ya magharibi ilipoingia wakampa tende na maji. Akavitapika. Nikamtia maji ya sukari kwa kijiko, tone kwa tone, akameza machache. Nilimpata mwenye lori, akaahidi kuondoka naye alfajiri kwenda Lindi. Alfajiri lori lilikuja mlangoni kweli, injini inaunguruma. Tulipomwinua alikuwa mzito, na jua lilipopiga kile kizingiti chake alikuwa amekwisha kata roho. Ukumbini wakasema amekufa na saumu yake, hakuna kifo bora.

Dawa ilifika Lindi wiki chache baada ya Idd, chupa moja. Yule mama wa upande wa Mtama aliinywa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa sokoni anauza mihogo, kajifunga kanga moja tu, anagombana na mteja. Nilimnunulia mafungu mawili nikaondoka bila kumwambia kitu.

Mchana wa siku ile aliyokufa tulimwosha Maalim. Tulikuwa watatu: mama mkosha, mama yangu, na mimi kwa kuwa ni mtu wa hospitali. Shuka limetandazwa, maji ya mkunazi yapo tayari. Kazi yangu ilikuwa kumvua kanga. Nikaona fundo kwenye pindo, nikalifungua nikiwa nimewapa mgongo, uso ukutani. Jani la mgomba lilikuwamo, limelowa jasho. Nikalifungua. Kipande cha sukari kilikuwa kimeumwa. Si kumegwa kwa kidole kama alivyozoea, kimeumwa kwa meno, kwa haraka, upande mmoja, na alama za meno zimekaa zote. Siku gani, saa ngapi, katika nyumba ile isiyo na pembe tupu, sijui. Alikuwa amejitahidi kama alivyoahidi.

"Hicho nini?" mama mkosha akauliza nyuma yangu. "Kilikuwa kwenye kanga yake? Lete nikione."

Alikuwa amenyoosha mkono, na mama yangu ameinua shingo. Kanga ilikuwa mkononi mwangu, hapakuwa na mahali pa kukificha. Nikakitia chote mdomoni.

Mama mkosha akapiga kelele iliyosikika mpaka barazani kwa wanaume. "Unakula? Mchana wa Ramadhani, mbele ya maiti ya Maalim, unakula?"

"Nakula," nikasema, mashavu yamejaa. Mpaka leo Kivinje wapo wanaoniitikia salamu kwa nusu mdomo, watoto wa waliosikia, na nawaacha. Upande ule ulioumwa ulikuwa umeniangukia juu ya ulimi, na kabla sijameza nilizipitia zile alama za meno, moja moja, taratibu kama alivyotufundisha kusoma.